Mshipa Uliomtukana Mama Mkwe

Nilimwita mama mkwe wangu pampu ya maji mbele ya ukumbi mzima, na katika watu wote waliokuwepo mimi ndiye niliyechelewa kujua.

Ilikuwa Ikungi, kwenye sherehe ya kumuaga shemeji yangu, kitinda mimba wa kwao mke wangu, kabla hajaolewa. Kazi yangu ya kila siku ni ufundi wa redio na spika. Nina kibanda kando ya barabara ya Dodoma. Mwisho wa wiki, kwa kuwa spika ni zangu na mdomo ni wangu, huwa mshereheshaji. Nimeifanya kazi hiyo muda mrefu mpaka watu wa Ikungi wakinikuta msibani wanaanza kutabasamu kabla sijasema kitu, jambo ambalo si zuri msibani.

Siku ile mambo yalikwenda salama hadi tulipofika kwenye nasaha za wazazi. Nikasimama katikati, maiki mkono wa kulia, nikataka kusema, "Sasa tunamkaribisha mama mzazi wa binti yetu, aje atoe neno." Hiyo ni sentensi ninayoweza kuisema usingizini. Nilijisikia nikiisema, na kichwani ilikuwa imenyooka kabisa. Kilichotoka, kwa ushahidi wa video ambazo nimeonyeshwa kuliko ninavyopenda, ni hiki: "Sasa tunaikaribisha pampu ya maji ya binti yetu, ije itoe kwato."

Ukumbi ukacheka. Mshereheshaji akisikia kicheko haulizi kimetoka wapi, anaongeza. Nikakusudia kuwaomba wampigie mama makofi, maana alilea watoto wote kwa jembe. "Ipigieni alizeti," nikasema, "maana imekoboa madirisha." Watu wakashikana mabega. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi ilibidi atolewe nje akapate hewa.

Kisha maiki ikanitoka. Sikuiangusha, mkono ulifunguka wenyewe. Maiki ikapiga sakafu, spika zikalia mluzi, na watu wakadhani ndiyo tamati ya kichekesho. Aliyekuwa anapiga muziki akaweka wimbo. Mimi nikabaki nimesimama katikati, natabasamu kwa nusu ya mdomo. Wimbo ulipoisha mkono ulikuwa umerudi na maneno yamerudi. Nikainama, nikaokota maiki, nikasema vizuri kabisa, "Ahsanteni sana, tuendelee na ratiba." Mkono ulibaki mzito kidogo, nikasema ni kwa sababu ya kubeba spika asubuhi.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kusimama na kufika nusu ya njia. Akageuka, akarudi kwenye kiti chake, akavua khanga mabegani, akajifunga kiunoni. Ni mwanamke wa Mgori, mrefu, mkulima wa alizeti, asiyecheka mahali penye watu. Nieleze pia kwamba kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumtazama usoni kwa kitambo, wala yeye hakuwahi kuniona bila shati. Tulisalimiana mimi nikiwa nimeinama na yeye akitazama pembeni. Uhusiano wetu ulikuwa mzuri sana, kwa sababu haukuwepo.

Kesho yake mke wangu hakusema nami. Waliosema nami ni wengine. Mtu mmoja wa kule Mkiwa alipiga simu akinitaka kwenye harusi ya mwanawe, lakini kwa sharti: nije na ule mtindo wa pampu. Sokoni vijana waliniita Pampu. Nikarudi nyumbani kumuuliza mke wangu kuna nini, akaniwekea simu mbele ya uso.

"Sikusema hivyo," nikamwambia.

"Umesema."

"Nilisema mama mzazi."

Akairudisha video mwanzo. Niliona mtu aliyevaa suti yangu, mwenye sauti yangu, akiongea kwa kujiamini kabisa maneno ambayo sijawahi kuyapanga pamoja. Nilishikwa na hofu, lakini hofu yenyewe ilikuwa ya ukweni. Afya haikunijia akilini.

Tukaitwa Mgori. Kikao kiliketi uani kwa mama mkwe, kikiongozwa na baba mdogo wa mke wangu. Mama mkwe aliketi ndani, nyuma ya dirisha lililo wazi, ili awepo bila kuwepo. Shauri lilikuwa moja: kwa nini nimemwita mzazi pampu. Nikasema sijui. Hapo wazee wakaanza kulitafsiri tusi lenyewe, na nusu yao waliacha Kiswahili wakaendelea kwa Kinyaturu, maana jambo lilikuwa zito. Mmoja akasema pampu si kitu kibaya, kijijini kwao waliililia miaka mingi na ilipokuja waliipigia vigelegele. Mwingine akauliza, sawa, pampu tumeielewa, lakini kwato ni za nani? Wakabishana kuhusu kwato mpaka chai ikapoa.

"Kama si wewe uliyesema," baba mdogo akaniuliza, "ni nani?"

"Ni mdomo wangu, baba. Lakini mimi sikuwemo."

Jibu hilo halikunisaidia. Nikatozwa kondoo jike. Nikamleta, akapokelewa, nikadhani yameisha. Ndipo sauti ikatoka dirishani. Mama mkwe hakusema nami. Alimwambia mke wangu, nami nikiwa pale pale.

"Mwambie mumeo kondoo nimempokea. Mwambie pia niliona mdomo wake umelala upande mmoja, na maiki ilimtoka kama mtoto anayesinzia anavyoachia kikombe. Baba yenu alianza hivyo hivyo. Aende hospitali akapimwe. Akikutwa mgonjwa, tutazungumza. Akikutwa mzima, basi alinitukana akiwa na akili zake, alete kondoo wa pili."

Baba mkwe alikufa kwa kiharusi kabla sijaoa. Wazee wakaafiki.

Basi nikawa mtu wa kwanza ninayemjua kwenda hospitali akiomba akutwe na kitu. Si kitu kikubwa, lakini kitu. Mama mkwe akasema atakuja mwenyewe kusikia, maana majibu ya hospitali yakipita kwa mkwe yanaweza kubadilika njiani. Tulisafiri kwa gari la kaka wa mke wangu hadi Singida mjini: mama mkwe kiti cha mbele, mke wangu katikati, mimi nyuma kabisa na gunia la viazi, ili tusitazamane.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye haraka.

"Tatizo lilianzaje?"

"Nilimwita mama pampu ya maji."

Akaacha kuandika. "Mama yupi?"

"Mimi hapa," mama mkwe akasema kutoka mlangoni, uso ukiwa ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mpime."

Daktari hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Aliuliza mkono gani uliolegea, mdomo ulipinda au haukupinda, hali ile ilidumu muda gani, kama navuta sigara. Navuta, nikasema, mke wangu akasema navuta sana. Akapima presha, akaipima tena kana kwamba mashine imemdanganya. Kisha akaweka kile chombo chake cha kusikilizia mapigo upande wa kushoto wa shingo yangu, akaniambia nizuie pumzi. Alisikiliza mpaka nikaanza kuona nyota.

"Kuna mvumo hapa," akasema.

Akatueleza kwamba damu iendayo kwenye ubongo hupita shingoni, kwa mishipa mikubwa ya kushoto na kulia. Ndani ya mshipa panaweza kujikusanya mafuta, pakawa pembamba, na pale palipobana damu ikaganda. Kipande kikichomoka kinapanda ubongoni na kuziba kijia kidogo. Kikiyeyuka mapema, mtu anarudi sawa na kudhani hakuna kilichotokea. Hicho ni kiharusi kidogo cha kupita. Kinachofuata huenda kisipite.

"Ulipaswa kuja siku ile ile, mzee," akasema, na upole ulikuwa umepungua. "Siku ile ile. Ninyi mmekwenda kukaa vikao."

"Kikao kilikuwa lazima," mama mkwe akauambia ukuta.

Wakanitoa damu, wakanipima moyo, wakanipiga picha ya kichwa, wakanianzishia vidonge. Lililobaki ni utrasaundi ya shingo, ile inayosikiliza mwendo wa damu.

Benchi la kusubiria lilijaa wajawazito. Nikapata nafasi katikati yao. Dada aliyekuwa karibu nami, mwenye tumbo kubwa, akanitazama juu hadi chini kwa huruma.

"Wewe, baba, umemleta nani?"

"Nimejileta. Ni shingo."

Akafikiri kidogo. "Pole," akasema, akasogea kunipa nafasi zaidi.

Chumba kilikuwa na mwanga hafifu, kitanda kimoja na pazia. Mpimaji alikuwa binti mwenye sauti ya chini. Akaniambia nivue shati, nilale chali, mto chini ya mabega, uso nigeuzie ukutani. Nilikuwa nafungua vifungo mama mkwe alipoingia.

"Bibi, ndugu husubiri nje," binti akasema baada ya kumwamkia.

"Mimi si ndugu, mimi ndiye niliyetukanwa."

Binti hakuelewa, lakini alielewa kwamba hatatoka. Sasa tatizo likawa langu. Siwezi kulala na singlendi mbele ya mama mkwe, na yeye hawezi kuniona nikiwa hivyo, na bado anataka kuona kwa macho yake. Mke wangu akaitwa kutoka nje kuamua, akasema hajui, akatoka. Mwishowe mama mkwe mwenyewe akapata njia. Alivua khanga yake, akampa binti huku akitazama dari, akamwelekeza anifunike uso wote, na shuka linifunike kifuani kuja chini. Ikabaki shingo.

"Shingo peke yake haina ukwe," akasema, akavuta kiti.

"Mzee, unapumua?" binti akaniuliza.

Nikasema napumua. Khanga ilinuka moshi wa kuni.

Jeli ilikuwa ya baridi. Kidude cha mashine kikatembea shingoni, kikipanda na kushuka, kikisimama mahali na kubonyeza. Sikuona kitu, niliyoyajua niliyajua kwa mazungumzo yao. Mama mkwe akaona picha ya kijivu, akasema ni kama shamba lililokatikiwa na mvua. Kisha akasema pameingia nyekundu na bluu. Akauliza kama bluu ndiyo damu chafu. Binti akamweleza kwamba rangi zinaonyesha damu inakwenda upande gani tu, inakuja kwenye kifaa au inakimbia.

"Sasa nitawasha sauti," akasema.

Nimesikiliza spika maisha yangu yote, lakini sijawahi kujisikiliza mwenyewe kwa namna ile. Alianza na kulia. Fwaa, fwaa, fwaa, kama mtu anayefagia uwanja bila haraka. Sauti safi. Ningemlipisha mteja hela nzuri kwa sauti ile. Kisha nikageuzwa, kikahamia kushoto. Chini kabisa kulikuwa sawa. Kikapanda kidogo, na sauti ikapanda nayo, ikawa nyembamba, yenye mikwaruzo: fwiiish, fwiiish, kama upepo unaotoroka kwenye valvu ya tairi. Ungeniletea spika inayolia hivyo ningekwambia usiiguse mpaka nimeifungua.

Binti akainamia mashine. Akarudia mahali pale pale.

"Mbona inalia hivyo?" mama mkwe akauliza.

"Hapa pamebana, bibi. Ukibana mdomo wa mpira wa maji, maji yanaruka kwa nguvu, siyo? Damu nayo, pakibana, inakimbia. Mashine inapima kasi yake, na ndiyo tunayoisikia."

Mama mkwe akawaza.

"Kwa hiyo ni kama pampu ya maji."

"Kabisa, bibi. Ni kama pampu ya maji."

Chini ya khanga niliacha kupumua kweli. Binti wa watu hakujua alichokisema. Nilisubiri kiti kisukumwe, mlango ubamizwe. Badala yake mama mkwe akauliza, kwa sauti ya mtu anayeendesha kesi:

"Maneno ya mtu yanakaa upande gani wa kichwa?"

"Kwa watu wengi, kushoto."

"Na mkono wa kulia unaongozwa na upande gani?"

"Kushoto pia."

"Na mshipa huu unapeleka damu upande gani?"

"Huo huo wa kushoto."

"Basi ndiye huyu aliyenitukana."

Binti akasita. "Huenda ndiye, bibi. Daktari atasema."

"Muulize kwa nini mimi. Ukumbi ulijaa watu."

"Bibi, mshipa hauchagui."

"Ulichagua," mama mkwe akasema. Na kuanzia siku hiyo hasira yake yote aliihamishia kwenye mshipa. Aliponiuliza hali, kupitia kwa mke wangu, alikuwa anasema, "Yule wa kushoto anaendeleaje?" kwa ubaridi, kama mtu anayeuliza habari za jirani mwizi.

Daktari akasoma majibu. Mshipa wa kushoto ulikuwa umebana kupita nusu, umebana hasa. Vidonge viendelee, sigara iishe, chumvi ipungue, lakini kwa mshipa ambao umeshatoa onyo, inafaa madaktari wa upasuaji wauone haraka. Wakanipeleka Dar es Salaam. Huko wakapima upya, mashine tofauti, mluzi ule ule, na wakaamua kuufungua na kuutoa uchafu.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba hawakunilaza usingizi. Waliitia ganzi shingo tu. Daktari akanieleza kwamba watauziba mshipa kwa muda wakati wanasafisha, na njia nzuri ya kujua ubongo bado unapata damu ni mimi kuendelea kuongea. Nikinyamaza, au nikisema pumba, watajua. Wakanipa mkononi mdoli wa mpira unaolia ukibanwa, niubane wakiniambia.

Basi nikaisherehesha operesheni yangu mwenyewe. Nililala chini ya vitambaa vya kijani, nikiwakaribisha wageni meza kuu. Nikamtambulisha daktari bingwa, wauguzi, mdoli. Nikawapa ratiba. Kila baada ya muda sauti ilisema, "Mkono," nami nikabana, mdoli ukalia, nikasema ahsante kwa burudani. Katikati kuna muuguzi aliniuliza nimetoka wapi, nikasema, "Ikungi, mkoa wa Singida," na nikaogopa nisije nikawa nimesema kitu kingine. Nikamuuliza nimesema nini. Akarudia: Ikungi, mkoa wa Singida. Nikalia. Daktari akauliza kwa nini nimenyamaza, nikamwambia nalia, akasema sawa, lakini lia kwa maneno.

Nilirudi Ikungi nikiwa na kovu shingoni na kifungo cha juu cha shati kisichofungika. Kikao cha pili kikaketi Mgori bila mimi kuomba. Hoja ilikuwa kwamba mkosaji amepatikana, amefunguliwa, amesafishwa; kwa hiyo kondoo alitozwa mtu asiye na hatia. Arudishwe. Shida ilikuwa kwamba kondoo alishazaa. Wakabishana tena. Baba mdogo akahukumu: kondoo mama arudi kwangu, mwanakondoo abaki kwa mama mkwe, kwa sababu ndiye aliyeuona ugonjwa wakati wengine wote tunacheka. Hakuna aliyepinga. Nisingepinga hata kama wangebaki wote wawili. Usiku nikilala huwa naifikiria ile nusu ya mdomo. Watu mia walikuwa wananitazama, simu zimeinuliwa, na aliyeniona ni yule aliyekuwa amechukia.

Kila baada ya muda narudi Singida kupimwa mshipa. Safari ya kwanza mama mkwe alikuja tena, mbele, na mimi nyuma. Binti alikuwa yule yule. Kushoto kwangu sasa kunafagia vizuri, sauti inakwaruza kidogo tu kwenye kovu. Nilipokuwa najifuta jeli, nikasikia mama mkwe anamwambia binti, "Na mimi."

"Bibi una tatizo gani?"

"Sina. Nataka kusikia."

Nikatoka nje kama inavyopasa. Mlango ulikuwa mwembamba, nikasikia yote: fwaa, fwaa, kulia na kushoto, taratibu, kama mtu anayepalilia akijua shamba ni lake na jua bado. Binti akamwambia mishipa yake ni ya msichana. Akaomba karatasi ya picha, akapewa.

Ameitundika sebuleni Mgori, kando ya kalenda. Jirani yake alikuja kuomba moto akaiona, akasogea karibu, akauliza huyo ni mjukuu wa nani tena anayekuja.

"Si mjukuu," mama mkwe akamjibu. "Ni mimi."

Jirani akaitazama tena, akainamisha kichwa upande huu na upande huu, akasema kweli, wamefanana.